Mkate wa kumimina au mkate wa mayai?

Kwenye chai ya alasiri ya Mombasa yote miwili inapendwa, ila huumuka kwa njia tofauti kabisa.

Wa mayai hutegemea hewa. Piga mayai 6 na sukari kikombe 1 mpaka povu liwe jeupe na zito, kisha changanya taratibu unga wa ngano kikombe 1 uliochekechwa, na iliki. Ukikoroga kwa nguvu hewa hutoka, mkate ukalala. Basi, hauna mengi.

Wa kumimina ndio wenye kazi, na ndio mtamu zaidi. Roweka mchele vikombe 2 usiku kucha, uchuje, usage na tui zito kikombe 1, sukari robo tatu kikombe, iliki na hamira kijiko 1 cha chai, mpaka usisikie chembe kidoleni. Rojo likiwa jepesi, mchele hutuama na chini panakuwa pagumu. Ngoja mapovu yajae juu, umimine mara moja kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta. Ukichelewa, mkate huchachuka na kubonyea katikati.

Kwa makaa, yote hutaka moto mdogo chini, mwingi juu ya kifuniko.