Wadudu wa 15,000 waliopaa saa sita mchana

Sijawahi kulipia kitu kikaruka mbele ya macho yangu. Mwezi uliopita, au ule wa nyuma yake, wadudu mafuta walinichosha kwenye sukuma. Ukigeuza jani unakuta kijivu tupu, kama limemwagiwa unga wa uwele, na lenyewe limejikunja kama sikio la mbuzi. Dawa ya dukani nilishapiga, ikaniachia harufu tu. Ndipo nikasikia kuna kijana anauza wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, eti wanamaliza wadudu mafuta. Kichupa sh 15,000. Nikasema potelea mbali.

Akaja na bodaboda saa sita mchana. Jua la Dodoma mnalijua, na upepo wa huku Ilazo nao mnaujua. Akafungua kichupa, akakung'uta kama anatia chumvi kwenye mboga, akapokea hela yake. Hata moshi wa pikipiki haujaisha, mmoja akafungua mbawa. Wa pili. Wa kumi. Nikahesabu waliobaki: wanne! Nikampigia.

"Mwanangu, mbona wameondoka?"

"Mama, mdudu si mbuzi, hafungwi kamba." Akakata.

Hela niliisamehe. Hiyo kauli sijaisamehe. Mtoto mdogo hata kwa kitinda mimba wangu! Mama mmoja mwenye bustani kule Nzuguni aliponisikia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe wanaachiwa jioni jua likishazama, majani yamemwagiliwa, wapate maji na watulie. Na ukiwa umetoka kupiga dawa, inawaua na wao. Mjuzi wetu wa kamba hakuniuliza hata moja.

Wiki mbili hivi zikapita. Nikaona chini ya majani vidude vyeusi vyenye mabaka ya rangi ya chungwa, kama mamba aliyepunguzwa akawa saizi ya punje ya mchele. Nikaponda viwili, vitatu, kwa kidole gumba, kwa hasira zote nilizokuwa nazo. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono: "Mama, hao ndio watoto wao!" Nikachuchumaa. Kimoja kilikuwa kimembana mdudu mafuta, kikamla, kikamgeukia wa pembeni yake bila hata kupumzika. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi na maharage yakaungua jikoni.

Nilianza kuandika hapa ili niwaambie msinunue. Sasa sijui. Nunueni, ila ombeni mabuu, yaani hao watoto, hayana mbawa. Sukuma yangu inatoa majani mapya yaliyonyooka, hilo siwezi kulikana. Lakini yule kijana asijisifu. Huenda hawa ni wa porini, wamekuja wenyewe bure baada ya mimi kuacha kupiga dawa.

Jana kapita na bodaboda yake, kapiga honi: "Mama, wamerudi?" Nikamgeuzia mgongo. Usiku nikamtumia ujumbe: lete kichupa kingine, na uje jioni.