Sony 200-600 kwa ndege wa ufukweni, naisifia na naisema

Wadau mnaopiga picha ndege wa ufukweni, hii Sony FE 200-600mm iliyotoka 2019 ndo lenzi niliyotulia nayo, na sababu kubwa wala siyo hiyo 600. Ni kwamba ukizungusha zumu lenzi hairefuki, kila kitu kinatembea humo humo ndani. Aliyewahi kulalia tumbo kwenye mchanga mbichi huku upepo wa chumvi unampiga usoni ananielewa, maana zile lenzi zinazotoka na kurudi zikirudi zinaweza kuingia na punje za mchanga. Na ringi ya zumu ni nyepesi, mzunguko wake mfupi, ndege akikukimbilia unashuka mpaka 300 kwa kidole tu.

Na watakukimbilia kweli, ila usiwafuate! Vitwitwi, vile vindege vidogo vinavyokimbia ukingoni mwa maji, ukiwafuata wanaruka wote. Angalia ratiba ya maji, wahi kabla hayajajaa, lala chini utulie, maji yakipanda yanawasogeza wenyewe mpaka unaona tone la maji limening'inia kwenye ncha ya mdomo na mnyoo umevutika mwembamba haujang'oka bado. Lenzi ikiwa chini usawa wa jicho lake mchanga wa mbele na wa nyuma unakuwa ukungu laini, anabaki yeye tu.

Hili la kutowarusha nalisisitiza jamani. Kuna mmoja wa jamaa za sululu, wale ndege wa ufukweni wenye mdomo mrefu, mwaka 2022 alifungwa kifaa cha setilaiti akaruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kama kilomita 13,560, siku 11 bila kutua popote, sasa ndege wa hivyo akiwa anakula ndo anatafuta mafuta ya safari halafu wewe unamtimua kwa ajili ya picha, hapana.

Fokasi ni ya haraka na haina kelele, sululu akipita anaruka naweka shata (kasi ya kupiga) 1/2500 ya sekunde, OSS, yaani kituliza mtikisiko cha lenzi, naweka modi 2 ya kufuatisha, na ile swichi ya umbali wa fokasi naiweka kuanzia mita 10 kwenda mbele ili isihangaike na mawimbi ya karibu. Na kaa wa mchangani je? Fokasi inashika kuanzia mita 2.4, kaa anatoka vizuri tu na macho yake yamesimama.

Sasa uzito. Ni kilo 2 na ushee, asubuhi nzima mkononi utaisikia begani, bora uilaze juu ya kifuko cha mchanga. Ukiwa 600 apecha, lile tundu la kuingiza mwanga, inaishia f/6.3 kwa hiyo alfajiri ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) inapanda tu, na ukiongeza konveta ya 1.4, kile kipande cha kuongeza ukuzaji, unapata 840 lakini kwa f/9 yenye mwanga kidogo zaidi, mimi naona bora kuwasubiri wasogee. Jua likishapanda mchanga ukaanza kutoa mvuke wa joto ndege wa mbali anatoka kafifia, hapo lenzi haina kosa, funga begi. Mguu wake wa tripodi nao hauingii moja kwa moja kwenye vichwa vya tripodi vya mtindo wa Arca, itabidi ununue plet (bamba la kuunganishia) au mguu mwingine.

Ukitoka ufukweni ifute na kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye ringi na pale inapoungana na kamera, halafu ndo uikaushe.