Yamaha PW50 kwa mtoto wa miaka mitano: mwaka wetu wa kwanza, Mombasa

Mke wangu aliponiuliza mtoto wa miaka mitano anataka pikipiki ya nini, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshailipa.

Ni PW50 ya mkono wa pili, ikaja kwa lori kutoka Nairobi imefungwa magunia. Pesa niliyotoa ingeninunulia bodaboda mpya, kwa hiyo nisikufiche, si rahisi. Yamaha wanaiuza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na haijabadilika sana: injini ya 49cc ya mipigo miwili (ile inayochoma oili pamoja na petroli), haina gia za kubadilisha, kiti kiko chini ya nusu mita kutoka ardhini.

Kilichonivuta ni shafti, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli ya mwanangu ililala barazani kwetu Bamburi msimu mmoja tu, cheni ikageuka kutu tupu. PW50 haina cheni. Nguvu hupita kwenye shafti iliyofunikwa, na mchanga wa huku haupati pa kuingilia. Eksozi lakini imeshaanza kuoza. Hewa ya chumvi haina huruma.

Breki zote mbili ziko mikononi kama za baiskeli, basi hakuhitaji somo. Kwenye eksileta kuna skrubu ndogo: ukiikaza, mtoto hata akizungusha mpaka mwisho, hapati nguvu zote. Swichi nayo ina nafasi tatu, na ile ya kuwashia huizuia injini kupanda kasi, ukipiga kiki pikipiki haikurukii. Aliyeyawaza haya bila shaka alikuwa na mtoto.

Sasa kosa langu. Oili ina tangi lake, pampu huichanganya na petroli yenyewe. Ami yangu mwenye boti Mtwapa akaniletea kopo la oili ya injini za boti, maana nazo nyingi ni za mipigo miwili. Wiki chache baadaye ikawa yatoa moshi kama jiko la kuni, na inazima kila ikipata joto. Fundi mmoja wa tuktuk Kongowea, wa enzi zile tuktuk zikinywa oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, alifungua plagi, akaiona nyeusi imelowa, akauliza, "Hii ni ya baharini?" Kopo lilikuwa na maandishi TC-W3, alama ya oili ya boti. Injini ya boti hupozwa na maji, hii yapozwa na upepo tu na hupata moto zaidi. Tukamwaga yote, tukatia yenye alama ya JASO FD, kiwango cha Kijapani cha oili ya 2T. Mpaka leo yawaka kwa kiki ya pili.

Breki za ngoma ni dhaifu zikilowa, na shokapu ni laini sana kwa kuruka vilima. Hii ni ya kujifunzia, si ya mashindano. Anayetaka kushindana atazame KTM 50 SX ya Austria, inayopozwa kwa maji, au Cobra, wanaotengeneza za watoto huko Hillsdale, Michigan. Ni kali mno kwa anayeanza, nami sikutaka kijana aogope siku ya kwanza. Honda CRF50F ni ya mipigo minne, ina gia tatu zisizo na klachi, haisumbui mambo ya 2T. Lakini ina cheni, na mie cheni nimeshazikinai.

Helmeti ilinitesa kuliko pikipiki. Zote za bodaboda madukani ni za watu wazima, zamzunguka kichwani kama sufuria. Yake ilibidi niagize, na usimpandishe mtoto kabla haijafika.

Yamaha wanasema mpandaji asizidi kilo 25. Juzi nilimpima: 23. Skrubu nimeshailegeza mpaka mwisho. Na mamake, aliyekuwa hataki hata kuitazama, sasa ndiye aniulizaye pikipiki za 65cc zenye klachi mtoto hufundishwa vipi.