Mama aliyejua kusikiliza

Mchezo huu wa jukwaani una waigizaji wawili tu, mama na mwanawe, na naupendekeza kwa moyo wote. Kilichonishika ni jinsi mama anavyosikiliza. Mwana anapokiri kuwa ameuza shamba, mama hapigi kelele wala hashiki kichwa. Anaendelea kukunja nguo, ila polepole zaidi, na ukumbi mzima unanyamaza. Waigizaji wengi husubiri tu zamu yao ya kusema, na mtazamaji huligundua hilo upesi. Huyu kila neno lilimfikia kana kwamba hajawahi kulisikia mazoezini. Muziki ulifunika maneno sehemu ya pili, jambo linalorekebishika. Ukienda, chukua kiti cha mbele. Ukumbi ni mrefu na nyuso hazionekani vizuri kutoka nyuma.