TAHADHARI: Fundi wa kunoa visu mwenye beseni na vinoo vitatu

Jamani, naandika hii mikono bado inatetemeka. Hasira ni nusu, nusu nyingine ni aibu, kwa sababu baadhi yenu namba ya huyu mtu mliipata kwangu. Nilimsifia mwenyewe, kwa herufi kubwa, na picha nikaweka. Leo nafuta kauli. Msimpe kisu. Msimpe hata mkasi wa kukatia nyuzi.

Ile seti yangu ya visu vya jikoni mnaijua, na kile kisu cha marehemu mama, chenye mhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu, mnakijua, sirudii.

Alikuja jioni, kwa heshima zote. Akaomba kigoda na beseni la maji. Akatandika taulo safi, akapanga vinoo vyake vitatu kama daktari anapanga vifaa: cha 400, cha 1000, cha 6000, namba ikipanda jiwe linazidi kuwa laini. Akavizamisha kwenye maji, akakaa kimya akiviangalia mpaka vipovu vikaisha kutoka. Hapo moyo wangu ulishalainika. Mtu anayengoja jiwe linywe maji, nilijiambia, huyo ni fundi, siyo hawa wa kupitisha kisu kwenye grainda cheche zinaruka mpaka barabarani. Nawaomba mkumbuke nilichojiambia hapo.

Akachukua kisu kikubwa, akakielekeza kwenye mwanga, akakigusa na kidole gumba kwa kukatisha, siyo kwa kufuatisha makali. Akasema, "Dada, hiki ni cha Mjerumani, nakipa pembe ya nyuzi 20 kila upande. Hiki chembamba ni cha Kijapani, nyuzi 15 zinatosha. Nikikosea, nimekuharibia." Sasa mimi vitu hivyo nilikuwa nimevisoma. Nilikuwa najua ni kweli. Na ni kweli hasa! Ndiyo maana nasema msijidanganye kwamba tapeli lazima awe mjinga wa kazi. Huyu kazi anaijua. Anaijua kuliko mimi, na pengine kuliko wewe unayesoma hapa na kucheka.

Dakika ishirini hivi alikaa na kile kisu kimoja. Shwaa, shwaa, shwaa, tope jeusi linatoka, anafuta, anageuza upande. Alipomaliza alishika karatasi ya gazeti kwa vidole viwili ikining'inia, akakiachia kisu kishuke chenyewe, hakusukuma. Karatasi ikagawanyika bila hata sauti. Halafu akanyoa vinyweleo vya mkono wake, pale kwenye kifundo, pakabaki peupe kama pa mtoto. Na mimi nikapiga makofi. Nimeshasema, cheka tu. Nilipiga makofi uani kwangu peke yangu.

Kilichonimaliza kabisa ni hiki. Alishika kile kidogo cha kumenyea, akakitazama, akanirudishia. "Hiki bado kikali dada, usipoteze hela yako." Mtu anakataa hela! Nani angemshuku? Hapo ndipo nilipovishwa kilemba cha ukoka nikakifunga mwenyewe kichwani.

Vitano vilivyobaki akasema atavipeleka karakana, maana vinataka muda na giza linaingia. Akaomba nusu ya malipo. Nusu tu. Mimi ndiye niliyesema chukua yote, usisumbuke kurudi kudai. Mume wangu akisoma hapa, naomba tusilizungumze tena, tumelizungumza vya kutosha.

Siku ya pili akarudi magharibi. Pikipiki inanguruma nje, yeye ana haraka, ana mteja mwingine anamsubiri. Visu vimefungwa gazeti na kuzungushiwa utepe wa gundi, kila kimoja peke yake. Akafungua kimoja, akachana karatasi, sriip, akakifunga tena. Nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Kuhesabu nilihesabu. Kutazama sikutazama.

Asubuhi nikaanza kukata. Mara ya kwanza safi, ya pili safi. Ya nne au ya tano kisu kinateleza juu ya mboga kama kijiko. Nikachukua cha pili, vilevile. Nikakisogeza dirishani. Karibu na ncha chuma kilikuwa na rangi ya buluu inayoingia zambarau, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Bapa lina mikwaruzo tele. Nikakiweka wima juu ya ubao, makali chini: karibu na mpini mwanga unapita. Wameshakula chuma pale, pana bonde, kisu hakigusi ubao wote. Ukikata, vipande vya mboga vinabaki vimeungana kwa chini kama mnyororo. Cha msumeno, kile chenye meno, usiniulize. Hakina meno. Amekinyoosha kama rula.

Nikaenda kwenye cha mama.

Mpini mweusi, urefu uleule, misumari mitatu. Nikasema afadhali. Halafu nikapapasa pale kwenye msumari wa kati, pana ufa mdogo ambao kidole changu kinaujua tangu nikiwa mtoto, ndipo kidole cha mama kilipokaa miaka yote. Hakuna ufa. Nikageuza bapa kutafuta mhuri wa Solingen. Hakuna mhuri. Na jina lile si la kujiandikia tu. Linalindwa kwa sheria kule Ujerumani tangu 1938, kisu hakiitwi Solingen kama hakikutengenezwa kule. Kile nilichoshika kilikuwa bati lililopewa mpini.

Nikapiga simu. Akapokea, upole uleule. Nikamwambia kisu hiki si changu. Mnajua alinijibu nini? "Dada, kisu kikinolewa vizuri maandishi hufutika." Nikamuuliza, na ufa wa mpini nao umefutika? Kimya. Akakata. Tangu hapo namba yangu kaifungia, na nikipiga kwa simu ya mtu mwingine anapokea, akisikia sauti yangu anakata.

Vile vilivyobaki nilivipeleka kwa mzee mmoja anayenoa kwa mikono, nikiwa nimevificha kwenye mfuko kama mwizi. Hakunicheka, Mungu ambariki. Alichukua tupa, akaipitisha taratibu kwenye kisu chake: tupa ikateleza, haikushika. Akaipitisha pale penye buluu kwenye cha kwangu: ikauma, ikatoa unga. "Hapa pamekufa," akasema. Akanieleza kwamba visu vya jikoni baada ya kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla kiwandani hupashwa moto mdogo tena, kwenye nyuzi joto 150 hadi 200 hivi, ili viwe vigumu bila kuvunjika. Rangi ya buluu maana yake makali yamefika 300 hivi au zaidi. Kwenye grainda kavu, makali membamba vile yanafika huko kwa sekunde chache tu, mtu hata hajakohoa. Ukishapaunguza hapo, hata ukinoa mchana kutwa, makali hayakai, mpaka ukate sehemu yote iliyoungua. Na ile sriip ya karatasi? Akanishika kidole, akakivuta kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya makali. Upande mmoja laini. Upande wa pili kinakwaruza. Ni kiuzi cha chuma kilichokunjika, kimeachwa hapo makusudi hakijaondolewa. Karatasi kinachana vizuri sana. Kikigusa ubao mara chache kinalala au kinakatika, na chini yake hamna kitu.

Kwa hiyo mchezo ndio huo: kimoja anakinoa kweli mbele ya macho yako, vingine anavikimbiza kwenye mashine, na kile kizuri kuliko vyote kinabaki kwake. Ameniingiza mjini, nami nimekaa miaka yote hii nikijiita mjanja.

Mtu wa namna hii mnamfanyaje? Mimi naona apelekwe polisi na lile beseni lake likiwa limevishwa kichwani. Anyang'anywe vinoo, anyimwe kazi kila mtaa, kila mwenye kisu amkatalie. Ningekuwa na uwezo ningemkalisha anoe kile bati alichoniletea kwa kinoo cha 6000 peke yake, kuanzia asubuhi, mpaka kiandike Solingen. Wanaosema nimsamehe kwa sababu ni kisu tu, huyo hakuwa mama yao.

Dalili mnaniuliza sana huko kwenye ujumbe. Sijui niseme nini, nikiwa na akili ningeziona mimi. Kuvichukua kwenda navyo, basi hiyo tosha. Kurudi giza likiingia. Kukujaribia yeye badala ya kukupa ujaribu. Na mikono yake, sasa ndiyo nakumbuka, haikuwa na weusi wa tope la jiwe kwenye kucha, ilikuwa na vidoadoa vya kuungua, vile vya cheche. Nilivitazama nikavionea huruma. Piga picha visu vyako pande zote kabla hujatoa, mpini na mhuri. Malipo... ah, mnajua.

Dada yangu, wewe uliyenipigia juzi kuniambia umempa vyote tisa vya mgahawani na anavileta kesho: usingoje kesho. Nenda sasa hivi, na usiende peke yako. Mhuri kwanza, halafu kidole kwenye makali, upande kwa upande, halafu ndiyo msalimiane.