Uzoefu wangu: ziara ya kufuata reli ya zamani ya Kusini, kuanzia Lindi

Ukifika Lindi na una siku ya ziada, tafuta kijana wa bodaboda atakayekupeleka Mkwaya, ilikoanzia reli hiyo, na mzee wa kukuelezea habari zake. Hiyo ndiyo huduma ninayoisifia hapa. Haina ofisi wala tiketi. Mnapatana bei kabla ya kuondoka, mafuta ni juu ya dereva, na mzee anapewa chake mkononi. Mimi niliunganishwa na watu wa Mnazi Mmoja ya huku Lindi, na niliridhika kuliko ziara kadhaa nilizowahi kulipia kwa risiti.

Wengi wetu wa Kusini tumekua tukiamini treni ni mambo ya Dodoma na Kigoma. Kumbe ilishapita hapa. Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za mashamba, pamoja na Kongwa na Urambo. Karanga zilihitaji njia ya kufika baharini, ikajengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari unaopokea mto Lukuledi, hadi Nachingwea. Meli kubwa nazo zilitaka kina kirefu, kwa hiyo bandari ikajengwa Mtwara na njia yake ikaja kuungana na ile ya kwanza pale Ruo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, hata kabla bandari haijakamilika. Reli ikabaki bila mzigo wa kuilipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Hayo unaweza kuyasoma popote. Usichoweza kukisoma ni tuta lenyewe la reli. Tulipomwamkia mzee alitutangulia na fimbo yake, akapita katikati ya mikorosho, akasimama. "Mnakanyaga reli, wanangu." Nikatazama chini nikaona majani makavu tu. Akayafukua kwa ncha ya fimbo, zikatokea kokoto nyeusi zenye kona kali, ambazo hazifanani kabisa na udongo wa pale. Ukichuchumaa na kutazama mbele ndipo unaona: ardhi imeinuka kidogo na kunyooka kwa mbali, na mikorosho imepandwa pande zote mbili. Akatuonyesha mahali walipokuwa wakisubiri behewa la abiria, lililofungwa nyuma ya mabehewa ya mizigo. Anakumbuka mama yake akipandisha tenga la kuku. Nilimuuliza maswali mengi na hakuchoka.

Kasoro zipo. Hakuna kibao hata kimoja, na bila mzee ungepita hapo mara mia usijue kitu. Kofia ngumu ya abiria haikuwepo, na hilo halikunipendeza hata kidogo. Dai yako kabla ya kupanda. Kipande cha kwenda Nachingwea kifanye kwa basi, maana kwa pikipiki mgongo utalia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba haya yanazungumzwa wakati kuna mpango wa reli mpya ya kisasa, Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kila ninapoisikia ikitajwa, ni makaa ya mawe na chuma tu. Reli ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya zao moja. Zao liliposhindwa, ikafa nalo, na abiria wakaachwa wakitembea. Hii ya sasa ipangiwe abiria tangu kwenye ramani, iwe na vituo vidogo vya mkulima wa korosho na mama wa tenga la kuku. Na pale zilipokuwa stesheni za zamani, pawekwe alama sasa hivi, wazee wanaokumbuka wangali hai na wanaweza kuonyesha kwa kidole.

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kabla msimu wa korosho haujachanganya, kwa sababu Oktoba dereva na mzee wote wako shambani. Beba maji ya kutosha, vaa viatu vya kufunika kidole, na ukimpata mzee mwongeaji, mwombe umrekodi kwenye simu.