Pollini katika sonata tano za mwisho za Beethoven

Wapiga vinanda wa kwaya za hapa Mwanza, ambao kazi yao kubwa ni kuwabeba waimbaji, wana sababu ya kuisikiliza rekodi ambayo Maurizio Pollini, mpiga piano wa Italia aliyefariki mwaka 2024, aliifanya kati ya 1975 na 1977 kwa kampuni ya Deutsche Grammophon. Ndani yake zimo sonata tano za mwisho za Ludwig van Beethoven, yaani kazi za piano peke yake zenye sehemu kadhaa, alizozitunga kati ya 1816 na 1822, kipindi ambacho uziwi ulimzidi hata wageni wakawa wanamwandikia maneno yao kwenye daftari.

Spika ya simu haifai hata kidogo, kwa kuwa inameza besi, na besi ndiyo inayoshikilia nusu ya hoja za muziki huu. Tafuta visikilizi vizuri, na usubiri baa za mtaa wa Kirumba zinyamaze.

Ubora wa Pollini ni uwazi. Katika fuga, yaani muziki ambamo sauti hufukuzana kwa wimbo uleule, inayofunga sonata ya Op. 106 (Op., yaani opus, ni namba ya kazi ya mtunzi), sauti tatu huingia moja baada ya nyingine kwa kasi ya kuogofya, na yeyote aliyewahi kufundisha kwaya sauti kwa sauti atastaajabu kuona kwamba hakuna inayomezwa na mwenzake, hata pale Beethoven anapouchukua wimbo wake na kuupiga kinyumenyume, kuanzia nota ya mwisho kurudi ya kwanza. Wapiga piano wengi hujificha hapo nyuma ya pedali na kelele, Pollini hajifichi. Sehemu ya polepole inayoitangulia, yenye urefu wa zaidi ya robo saa, anaipiga bila kutulazimisha tutoe machozi, na kwa sababu hiyohiyo huzuni yake inaaminika.

Uwazi huo unamgharimu katika Op. 110. Maombolezo yanaporudi kwa mara ya pili, mtunzi ameagiza katika nota kwamba yapigwe kwa uchovu, kama mtu anayeishiwa nguvu, lakini Pollini anasikika mzima wa afya, mgongo umenyooka. Nafasi hiyo ilihitaji udhaifu, naye hakuwa nao.

Op. 111 ina sehemu mbili tu. Ya pili ni wimbo mwepesi unaobadilishwa mara kwa mara, na katika badiliko la tatu mdundo unarukaruka kiasi kwamba kijana wa leo angedhani ni jazi, ingawa uliandikwa miaka 200 iliyopita. Pollini anauacha uruke.

Mwaka 2019 alizirekodi upya sonata tatu za mwisho mjini Munich, mbele ya hadhira, kwa haraka zaidi. Mimi naichagua ya zamani. Mgeni wa muziki huu aanze na Op. 109, iliyo fupi na yenye upole, na Op. 106 aiweke mwisho, akishazoea.